Umeme ukikatika majuu, mkaa usivuke kizingiti!

TUNASEMA bayana, wala hatumung'unyi maneno. Watu 246 waliokufa katika jimbo la Texas, nchini Marekani, mwezi Februari 2021, hawakufa kwa baridi peke yake. Walikufa kwa baridi iliyowakuta wakubwa wamelala usingizi wa pono, huku mwananchi akiachwa gizani ajitafutie joto kwa akili yake mwenyewe. Na wapo ambao akili hiyo ndiyo iliyowamaliza.

Hesabu hiyo siyo ya kijiweni. Ni ya idara ya afya ya jimbo lenyewe, iliyotolewa mwisho wa mwaka 2021. Kati ya marehemu hao, 161 miili yao ilipoa mpaka roho zikatoka. Wengine 19 waliuawa na hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa, majenereta na magari. Hao 19 ndio tunaotaka kuwazungumzia kwa kirefu leo, kwa sababu kifo chao kinazuilika kwa maneno matatu tu: mkaa usiingie ndani.

Kijana wa Manzese atatukatiza hapa. Atasema, "Hebu acheni hizo! Texas na mimi wapi na wapi? Mimi hapa natoka jasho." Haya, tulia mshikaji, tukueleze.

Kwanza, Texas wapo ndugu zetu. Nenda Houston, nenda Dallas, nenda Fort Worth, utasikia Kiswahili sokoni na kanisani na msikitini. Wapo Wakongo waliofika huko kama wakimbizi, wapo Wakenya, wapo watoto wa Bongo waliokwenda kusoma wakabaki kubeba maboksi. Pili, wewe mwenyewe unayesoma hapa una ndoto ya kupanda ndege, na siku ukifika huko hakuna mtu atakayekupokea uwanjani na kukufundisha namna ya kulala kwenye nyumba isiyo na umeme wakati nje maji yameganda. Tatu, kifo kile kile kinabisha hodi hapa hapa Afrika Mashariki kila msimu wa baridi. Tutafika huko.

Ilikuwaje? Texas siyo nchi ya baridi. Ni jimbo la mafuta, gesi na ng'ombe, na kiangazi chake humtoa jasho hata mtu wa Dar es Salaam. Lakini katikati ya Februari 2021 baridi ya kutoka ncha ya kaskazini ya dunia ilishuka mpaka huko. Tarehe 16 Dallas ilipimwa nyuzi 19 chini ya sifuri. Friza ya muuza samaki huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Maana yake mji mzima ulikuwa umetiwa ndani ya friza, na watu wake wamo.

Usiku wa kuamkia tarehe 15, saa 7:25, waendesha gridi ya jimbo walianza kukata umeme. Chombo hicho kinaitwa ERCOT, na katika jina lake refu limo neno la "kutegemewa". Mitambo ilikuwa inazimika mmoja baada ya mwingine. Visima na mabomba ya gesi yaliganda, vipimo viliganda, mapanga ya mitambo ya upepo yaliganda, hata kinu kimoja cha nyuklia kilizimika. Gridi ilibakiza dakika 4 na sekunde 37 tu ianguke yote, na ingeanguka, Texas ingekaa gizani kwa majuma, pengine miezi.

Wananchi waliambiwa huo ni mgao wa muda mfupi, kila mtaa utazimiwa kwa zamu. Mgao! Neno hilo sisi hatufundishwi. Mwaka 2006 na mwaka 2011 mgao uliitesa Tanzania mpaka vinyozi wakafunga saluni. Lakini ule wa Texas haukuwa na zamu. Umeme uliokatwa ulifika megawati 20,000. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, kwa hiyo hesabu mwenyewe: ni kama kuzima mabwawa ya aina hiyo zaidi ya tisa kwa mpigo. Kwa kuwa laini zenye hospitali hazikuweza kuguswa, zilizobaki hazikutosha kupokezana. Waliozimiwa wakazimiwa moja kwa moja, siku mbili, siku tatu, wengine zaidi. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 ziliingia gizani.

Na hapo ndipo kabwela alipoona dunia ilivyo. Ghorofa za ofisi katikati ya miji, tupu, hazina hata mlinzi ndani, ziliwaka taa usiku kucha kwa sababu zilikuwa laini moja na hospitali. Mtaani mama amemvalisha mtoto soksi tatu, akitazama kwa mbali ghorofa linalong'ara kama sherehe ya harusi. Tunajua sababu ya kiufundi ipo. Lakini hivi kweli mwenye ghorofa alishindwa kunyoosha mkono akazima swichi?

Tusiambiwe kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Mungu alileta baridi, lakini gridi ni ya binadamu. Februari 2011, miaka kumi kamili kabla, baridi iliikumba Texas na umeme ukakatwa vile vile. Agosti mwaka huo wakaguzi wa serikali kuu ya Marekani walitoa ripoti wakasema: vikeni mitambo yenu nguo za baridi, fungeni mabomba, wekeni vipasha joto. Hakukuwa na sheria ya kulazimisha, basi wengi wakaifungia ripoti kabatini.

Mji wa El Paso uko Texas hiyo hiyo. Lakini wenye umeme wa El Paso waliisoma ripoti, wakatoa fedha, wakaandaa mitambo yao. Tena mji huo umeungwa na gridi ya majimbo ya magharibi, siyo ya ERCOT. Februari 2021 El Paso iliona baridi, na waliokatikiwa walikuwa wachache tu. Gridi ya ERCOT yenyewe imejitenga na majirani kwa makusudi, ili isikaguliwe na serikali kuu. Walitaka kuwa jogoo pekee kwenye banda lao. Baridi ilipokuja, jirani hakuwa na waya wa kutosha wa kuwaazima umeme.

Halafu sikilizeni kichekesho. Kulikuwa na mitambo ya kusukuma gesi inayotumia umeme. Wenyewe hawakuiandikisha kuwa ni muhimu isikatwe. Umeme ukakatwa, gesi ikakosa msukumo, mitambo ya umeme inayokula gesi hiyo ikazimika, umeme ukapungua zaidi. Nyoka anajimeza mkia!

Wakubwa nao walifanya nini? Gavana Greg Abbott alikwenda kwenye televisheni tarehe 16 kuulaumu umeme wa upepo na jua, wakati wachunguzi walikuja kuona kwamba zaidi ya nusu ya mitambo iliyofeli ilikuwa ya gesi. Seneta Ted Cruz tarehe 17 alipanda ndege na familia yake kwenda Cancún, Mexico, kwenye ufukwe wenye joto, na kelele zilipozidi akarudi kesho yake. Meya wa mji mdogo wa Colorado City aliwaandikia wananchi wake mtandaoni kwamba serikali haiwadai kitu, wajitegemee. Akaondoka madarakani. Ebo! Kodi walipokuwa wakitoa, walikuwa hawajitegemei?

Mwezi Juni 2021 ilitiwa saini sheria ya jimbo ya kulazimisha mitambo iandaliwe kwa baridi. Sawa, hatukatai. Lakini sheria iliyokuja baada ya matanga haimfufui maiti.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana huko ndiko vita vilikopiganwa.

Mtoto wa Uswahilini amekulia kwenye nyumba inayopumua. Juu ya mlango pana matundu, dirisha ni wavu, bati na ukuta havikukutana sawasawa. Moshi ukiingia unajua njia ya kutoka. Nyumba ya Marekani siyo hivyo. Imezibwa kila upande ili hewa iliyopashwa isitoke. Na wengi Texas hupasha nyumba kwa umeme, na hata wenye gesi, feni inayosukuma lile joto inaendeshwa na umeme. Umeme ukienda, joto limekwenda. Kinachobaki ni sanduku lililofungwa, na ndani yake mtu anayetetemeka.

Mtu huyo ametoka kwetu. Anafanya nini? Anafanya alichofanya bibi yake: anawasha jiko. Anakumbuka kwamba mkaa ukishakolea hautoi moshi, anasema sasa uko salama, anauingiza ndani, anafunga mlango ili joto lisipotee. Hapo ndipo anapokosea. Mkaa uliokolea hautoi moshi, lakini unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Damu yako inaikumbatia zaidi ya mara 200 kuliko inavyoikumbatia oksijeni. Kwanza kichwa kinauma, unadhani ni njaa. Kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu mizito. Kisha usingizi mtamu. Huo usingizi hauna asubuhi.

Mwandishi wa makala hii ni wa kidato cha nne tu, hakusomea udaktari. Lakini hili halihitaji shahada. Katika siku zile za Texas watu zaidi ya 1,000 walikimbilia hospitali kwa sumu hiyo hiyo. Wapo waliochoma mkaa sebuleni, wapo waliowasha jenereta ndani ya banda la gari. Familia moja ya wahamiaji kutoka Afrika, mjini Houston, iliwasha gari ndani ya gereji iliyoungana na nyumba ili ipate joto. Mama na binti yake walikufa. Uchunguzi wa waandishi wa habari ulionyesha kwamba watu weusi, Walatino na Waasia ndio waliopigwa zaidi na sumu hii kuliko wingi wao katika jimbo. Mlalahoi hana mtetezi, hata hewa inamwonea!

Basi mpigie ndugu yako simu kabla ya Desemba, umwambie haya. Na wewe mwenye ndoto ya safari, yakate uyaweke kwenye pasipoti.

Kwanza kabisa, hakuna moto wa mkaa ndani, hakuna jiko la kuchomea nyama ndani, hakuna oveni ya gesi kuachwa wazi ipashe chumba, hakuna gari kuwashwa ndani ya gereji hata kama mlango wake uko wazi. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, bomba lake la moshi litazame mbali na dirisha. Nunua king'ora cha sumu hiyo kinachotumia betri. Ni bei ndogo kuliko viatu vya raba unavyovaa siku ya Jumamosi. Kikilia, au kichwa kikiwauma wote mliomo ndani kwa wakati mmoja, msijadiliane. Tokeni nje na baridi yake, pigeni 911.

Pili, msitawanyike. Nyumba ina vyumba vinne? Kaeni kimoja, kidogo, ikiwezekana kinachotazama kusini, maana huko kaskazini mwa dunia jua la majira ya baridi hupita upande wa kusini. Mchana fungua pazia jua liingie. Likizama, funika dirisha kwa blanketi, ziba chini ya mlango kwa taulo. Kama lipo hema la watoto, lisimamisheni humo chumbani mlale ndani yake. Joto la miili ya watu wanne kwenye nafasi ndogo siyo mchezo. Mtoto wa Tandale aliyelala watano kwenye chumba kimoja ana shahada ya jambo hili na hajui.

Tatu, vaa nguo nyingi nyepesi moja juu ya nyingine kuliko koti moja zito. Kofia, soksi, glavu, hata kitandani. Nguo ikilowa jasho au maji, ivue upesi. Na pombe uiache. Mnywaji huhisi joto kwa sababu damu imekimbilia kwenye ngozi, na huko ndiko inakopotezea joto lake. Ni mkopo wa riba kubwa.

Nne, maji. Bomba likiganda hupasuka, na barafu ikiyeyuka nyumba inageuka bwawa. Texas dari nyingi ziliporomoka hivyo. Acha bomba lidondoshe maji kidogo kidogo. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, funga koki kubwa ya nyumba na umwage yaliyomo kwenye mabomba. Kabla ya hapo jaza ndoo, madumu na hata beseni la kuogea. Wakazi wa Houston waliamriwa tarehe 17 wachemshe maji kabla ya kunywa. Wachemshe kwa nini, na umeme hamna? Mwenye dumu lililojazwa mapema alicheka.

Tano, chakula na simu. Friji isipofunguliwa hutunza chakula kwa saa 4, na friza iliyojaa kwa saa 48, basi acha kuchungulia. Tumia tochi, siyo mshumaa uliowekwa karibu na mablanketi. Simu ikae mfukoni karibu na mwili, kwani baridi hunyonya betri. Kuichaji kwenye gari, gari liwe nje, na theluji iondolewe kwenye bomba la moshi.

Sita, tazamaneni. Mtu anayepoa huanza kwa kutetemeka. Kisha ulimi unakuwa mzito kama mlevi, anasahau alichokuwa akisema, anataka kulala. Akiacha kutetemeka na bado ni wa baridi, usishangilie, hiyo ni hatari kubwa. Mwondolee nguo mbichi, mfunike, mpashe kifua kwanza, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, tafuta msaada. Wazee na watoto wachanga hutangulia. Kati ya waliokufa Texas walikuwamo watoto wasiofikisha mwaka na wazee waliovuka 100.

Na kama hali ni mbaya, usione haya kuomba hifadhi. Mfanyabiashara Jim McIngvale wa Houston alifungua maduka yake ya fanicha, watu wakalala kwenye makochi mapya yenye bei juu. Kama mwenye duka aliweza, kwa nini mwenye ghorofa lililowaka bure hakuweza?

Sasa turudi huku kwetu, kama tulivyoahidi. Juni na Julai, Njombe na Makete maji huganda kwenye majani alfajiri. Arusha watu huvaa makoti, Limuru na Nairobi vile vile. Na kila msimu huo tunasikia habari ile ile: mlinzi kibandani, wapenzi chumbani, baba na watoto, wamekutwa asubuhi wamekufa, jiko katikati. Mtaani watu wananong'ona: wamerogwa. Hawakurogwa! Ni ile sumu ya Houston, imevaa kanzu ya Kiswahili. Tena sasa nyumba zetu zinabadilika. Mwenye nyumba anaziba matundu, anaweka vioo vya alumini, anapandisha kodi. Chumba ni kizuri, lakini hakipumui tena. Jiko ni lile lile.

Hapa wakubwa nao wana la kujibu. Redio za umma zina muda wa kutangaza ziara ya kila mheshimiwa anayekwenda kukata utepe. Zinashindwaje kutangaza, jioni zote za Juni na Julai, sentensi moja ya kuwaambia watu watoe jiko nje kabla ya kulala? Au ni mpaka afe mtoto wa kigogo?

Gazeti hili linasimama hapa. Umeme wa uhakika ni haki ya mwananchi, na ripoti ya wataalamu siyo pambo la kabati, iwe Austin, Dodoma au Nairobi. Mkubwa akikwambia gridi ni salama, muulize ripoti ya mwisho ilisema nini, nani aliisoma, na fedha ya matengenezo ilikwenda wapi. Muulize wakati wa jua, usingoje baridi.

Lakini wewe kijana usingoje ajibu ndipo ujiokoe. Mpigie kaka yako aliyeko Dallas, mwulize kama ana king'ora. Mwambie mama Njombe asilale na jiko. Na kama leo unalala sehemu ya baridi, kabla ya kufunga mlango, jiko litoke nje.